Leseni ya Georgia, namba za Texas: uchambuzi wa kisa cha gari lililochelewa kuhama

Mdogo wangu aliingia jimbo la Georgia, Marekani, Jumamosi usiku, mwanzoni mwa Agosti 2024. Alikuwa ameendesha peke yake kutoka Dallas, karibu maili 780 kwa barabara ya I-20, akipita Shreveport, Jackson na Birmingham, na nyuma ya gari alikuwa na masanduku mawili na sufuria alizoachiwa na mama. Gari ni Toyota Camry ya mwaka 2019, na mkopo wake bado haujaisha. Alikuja kwangu, kwenye kaunti mojawapo ya zile zinazoizunguka Atlanta, kwa sababu kazi ilikuwa imepatikana huku. Jumatatu yake akaanza kazi.

Miezi miwili baadaye alisimamishwa na polisi akitoka zamu ya usiku. Taa moja ya nyuma ilikuwa imeungua, basi. Akatoa leseni, na leseni ilikuwa ya Georgia, kwa sababu mwajiri aliitaka na alishaifuatilia katikati ya Agosti. Polisi akaangalia leseni, akaenda nyuma ya gari, akaangalia namba: Texas. Akarudi dirishani na swali moja: umehamia lini? Mdogo wangu akasema ukweli, akaongeza kwamba stika yake ya Texas, ile inayobandikwa kwenye kioo cha mbele, inaisha Februari, kwa hiyo bado yuko salama. Hakuwa salama. Alipewa onyo la maandishi na kuambiwa gari lisajiliwe Georgia haraka. Alinipigia simu saa saba usiku, sauti ikitetemeka. Kwa mtu mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, ambaye karatasi zake za uraia ziko njiani, kusimamishwa na polisi si jambo dogo.

Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kosa lake si la uzembe. Ni kosa linaloingia kichwani kwa urahisi kabisa ukiwa umekulia kwetu.

Nyumbani Tanzania, namba inazaliwa na gari na inakufa nalo. Baba alipouza Peugeot 504 yetu kwa mtu wa Moshi, namba zilikwenda nayo. Kilichobadilika ni jina kwenye kadi. Ukitoka Tanga ukahamia Mbeya, hakuna ofisi ya kupitia, kwa sababu gari limesajiliwa kwa nchi nzima. Kenya vilevile, gari lina logibuku yake na ukihama kutoka Kisumu kwenda Mombasa unahama na vyombo vyako tu. Kwa mtu aliyezoea hivyo, gari likishasajiliwa limesajiliwa.

Marekani haina usajili wa magari wa nchi nzima. Kila jimbo kati ya majimbo 50 linasajili kivyake, kwa sheria zake, kwa bei zake. Halafu kuna jambo la pili linalowachanganya wengi zaidi: karatasi ni mbili, wala si moja. Ipo hati ya umiliki, ambayo huku kila mtu anaiita taito, inayosema gari ni la nani na nani analidai. Na upo usajili, unaosema gari hili linaruhusiwa barabarani, liko chini ya jimbo gani na kaunti gani, na limelipiwa mpaka lini. Kwetu kadi moja inabeba yote mawili, ndiyo maana watu wetu wakiwa na stika hai huamini kila kitu kiko sawa. Stika ya Texas inathibitisha kwamba mkazi wa Texas amelipa ada ya Texas. Ukishaacha kuwa mkazi wa Texas, ile stika haikutetei tena, hata kama tarehe yake ni mbichi.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyojificha. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kusajili gari maishani mwake. Camry aliinunua Dallas kwa muuza magari, na Texas muuza magari ndiye anayepeleka karatasi za taito na usajili kwa niaba ya mnunuzi. Yeye alisaini rundo la karatasi mezani, akakabidhiwa namba za muda, na baadaye namba za chuma. Kwa hiyo huku ndiko alikokutana na kazi yenyewe kwa mara ya kwanza, na alikutana nayo akiwa tayari amechelewa.

Na alikuwa amepewa ushauri. Ushauri huu naujua, nimeusikia misibani, kwenye harusi na nje ya msikiti baada ya Ijumaa: "Subiri stika iishe, ndiyo ubadilishe. Kwa nini ulipe mara mbili?" Wanaousema wanasema kwa mapenzi, na wengi wao hawajawahi kukamatwa. Mimi nauchukia, na nitasema kwa nini.

Kwanza, sheria haihesabu kuanzia siku stika inapoisha. Inahesabu kuanzia siku ulipokuwa mkazi. Georgia inatoa siku 30. Texas nayo 30. California ni siku 20, Minnesota 60. Ukishapanga nyumba, ukishaanza kazi ya kudumu, na hasa ukishachukua leseni ya jimbo, umejitangaza mwenyewe kwamba wewe ni mkazi. Mdogo wangu alibeba mfukoni ushahidi dhidi yake: leseni ya Georgia ilikuwa na tarehe ya kutolewa, na polisi hakuhitaji kuuliza zaidi.

Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko onyo la polisi, ni bima. Kwa miezi miwili gari lililala kwenye maegesho ya kwangu, Georgia, huku bima ikisema linalala Dallas. Kampuni ya bima hupanga bei kwa kuangalia gari linalala wapi, na mkataba unamtaka mteja aseme akihama. Siku ukigonga mtu, au ukigongwa, swali hilo litaulizwa. Kampuni inaweza kukataa kulipa, au kufuta bima yenyewe kwa kuwa ilipewa anwani isiyo ya kweli. Mdogo wangu hakuwa amedanganya kwa kukusudia. Hakujua kwamba anwani ni sehemu ya bima. Lakini fikiria anagonga gari la mtu, mtu analazwa hospitali, na bima inajitoa. Deni hilo lingemfuata miaka na miaka. Dola kadhaa alizookoa kwa kubaki na bei ya Dallas hazifanani hata kidogo na hatari hiyo.

Basi asubuhi ile tulikaa mezani, nikatengeneza chai, tukaanza.

Alianza kwa kwenda ofisi isiyohusika. Alirudi kule alikochukulia leseni, akapanga foleni, akaambiwa magari hawahusiki nayo. Georgia inagawa mambo haya sehemu mbili: leseni za udereva ziko chini ya idara yake, na magari yako chini ya idara ya mapato ya jimbo, ila wanaopokea karatasi na fedha ni maofisa wa kodi wa kila kaunti. Ofisi hiyo watu wanaiita ofisi ya tagi, maana namba ya gari huku inaitwa tagi. Unakwenda ya kaunti unayoishi, si ya jirani. Leseni ya Georgia inatakiwa iwe imeshapatikana kabla ya kwenda huko, na hapo angalau yeye alikuwa mbele. Alipoifuatilia leseni hiyo Agosti kikwazo kilikuwa uthibitisho wa makazi, kwa sababu anaishi kwangu na bili zote zina jina langu. Alitumia taarifa ya benki iliyokuwa na anwani yake mpya. Nawashauri wote wanaofikia kwa ndugu: badilisheni anwani benki wiki ya kwanza kabisa, kabla hata ya kufungua masanduku, maana karatasi hiyo moja inafungua milango mingi.

Kwenye ofisi ya tagi alirudishwa mara ya kwanza kwa mambo mawili, bima na moshi.

Kuhusu bima, alikwenda na kadi yake iliyochapishwa vizuri, akaamini imetosha. Tena alikuwa na hoja: kiwango cha chini cha Texas ni kikubwa kuliko cha Georgia. Texas inataka angalau dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na 25,000 kwa mali. Georgia inataka 25,000, 50,000 na 25,000. Kwa hiyo alijiona yuko juu ya sheria inavyodai. Lakini Georgia haitazami kadi. Kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayopeleka taarifa kwa njia ya kompyuta kwenye mfumo wa jimbo, na karani anaangalia kwenye skrini yake kama gari lenye namba ile ya chesisi lina bima hai ya Georgia. Isipoonekana, hakuna usajili, hata ukileta kadi kumi. Ilibidi apige simu kampuni ya bima, abadilishe mkataba uwe wa Georgia wenye anwani ya huku, kisha asubiri taarifa ifike kwenye mfumo. Bei ya mwezi ilipanda. Hakufurahi, ila tangu siku ile gari lake lina bima kweli.

Hapa pana kosa jingine ambalo tuliliepuka kwa kuwa niliwahi kuona mtu amelifanya: usikate bima ya zamani kwanza ndipo utafute mpya. Mpya ianze, ndipo ya zamani ife. Na baada ya kusajiliwa Georgia usiruhusu hata pengo dogo la bima, kwa sababu mfumo uleule unaoonyesha una bima ndio unaoonyesha huna, na jimbo linatoza faini na linaweza kusimamisha usajili.

Sasa moshi. Kaunti 13 za eneo la Atlanta zinataka gari lipimwe moshi kabla ya kusajiliwa: Cherokee, Clayton, Cobb, Coweta, DeKalb, Douglas, Fayette, Forsyth, Fulton, Gwinnett, Henry, Paulding na Rockdale. Anayehamia Savannah au Macon hakutani na hili. Magari mapya ya miaka mitatu ya karibuni yamesamehewa, na yale makongwe sana pia. Kituo cha kupimia hakiruhusiwi kutoza zaidi ya dola 25, na vituo vimejaa kila mahali, vingine ni vibanda tu kando ya barabara.

Camry ya 2019 haina shida ya moshi, na taa ya injini haikuwa inawaka. Hata hivyo ilikataliwa. Fundi wa kituo akasema kompyuta ya gari "haijawa tayari". Mdogo wangu akarudi nyumbani akiamini ameonewa.

Hakuonewa. Gari la 1996 kuja juu halipimwi kwa kutia bomba kwenye ekzosi. Wanachomeka waya kwenye kompyuta ya gari na kuisoma. Ndani yake kuna vipimo vidogo ambavyo gari linajifanyia lenyewe likiwa barabarani: hali ya katalisti (kifaa kinachosafisha moshi), hali ya sensa za oksijeni, uvujaji wa mvuke wa petroli na vinginevyo. Betri ikichomolewa, kumbukumbu hiyo inafutika, na gari linaanza kujipima upya. Sasa wiki ileile tulikuwa tumembadilishia betri, kwa sababu ya zamani ilikuwa imechoka. Kwa magari ya 2001 na kuendelea, Georgia inakubali kipimo kimoja tu kiwe hakijakamilika. Lake lilikuwa na zaidi ya kimoja.

Dawa yake ni kuliendesha gari, lakini si kuzunguka mtaani tu. Linatakiwa liwashwe likiwa baridi, limelala usiku kucha, liende barabara kuu kwa mwendo wa sawasawa kwa dakika kadhaa, kisha liingie mjini kwenye kusimama na kuondoka. Na tangi lisiwe tupu wala limejaa pomoni, kwa sababu kile kipimo cha mvuke wa petroli hakifanyiki tangi likiwa hivyo. Alifanya hivyo siku nne, asubuhi barabara kuu ya I-285, jioni mitaani, akarudi kituo kilekile, likapita. Kama unajua unakwenda kupima, betri ibadilishe wiki mbili kabla au iache mpaka baada. Na jihadhari na fundi anayekuzimia taa ya injini kwa mashine siku moja kabla ya kipimo. Anafuta kumbukumbu ileile, na kituo kitaliona.

Fedha ndizo zilizomuumiza zaidi, na nazielewa hasira zake. Alikuwa ametenga dola 150. Rafiki yake wa Dallas alipohamia Texas na gari lake kutoka jimbo jingine alilipa kodi ya mgeni ya dola 90, bila kujali gari ni la thamani gani, pamoja na ada za kawaida. Mdogo wangu akadhani majimbo yote yanatoza karibu sawa. Georgia haitozi hivyo. Tangu Machi 2013 ina kodi ya thamani ya gari inayolipwa mara moja wakati wa kuchukua taito, na mkazi mpya anatozwa asilimia 3 ya thamani. Thamani hiyo inatoka kwenye kitabu cha idara ya mapato ya jimbo. Bei uliyonunulia hawaiulizi, wala hawaangalii unadaiwa kiasi gani kwenye mkopo. Camry iliwekwa dola 18,400. Asilimia 3 yake ni dola 552. Ongeza dola 18 za taito na dola 20 za namba, bado nyongeza ya kuchelewa, bado zile 25 za moshi. Mtu aliyekuja na 150 alitazama skrini ya karani akanyamaza.

Nilimwambia mambo mawili, na bado nayaamini. La kwanza, kodi hii hairudi kila mwaka. Zamani Georgia ilitoza kodi ya gari kila siku ya kuzaliwa kwa mwenye gari. Aliyeingia kwenye mfumo mpya anamalizana nayo mara moja, kisha kila mwaka ni dola 20 za namba. Texas wanalipa dola 50.75 kwa gari dogo kila mwaka, na ada za kaunti juu yake. Bado Georgia ni ghali kwa mgeni, sikatai. North Carolina, jirani yetu, inatoza mgeni asilimia 3 vilevile lakini imeweka kikomo cha dola 250 kwa gari lililokwisha kuwa na taito ya jimbo jingine kwa muda. Georgia haikumwekea mgeni kikomo, na naona inawabana sana watu wanaohama wakifuata kazi za mshahara mdogo huku wamekopa kununua gari zuri kidogo.

La pili, kiasi hicho kingeweza kujulikana kabla hajaondoka Dallas. Idara ya mapato ya Georgia ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Unaingiza namba ya chesisi na kinakutolea kodi. Angejua Julai, angeweka akiba Julai. Na anayeona thamani iliyowekwa imezidi hali halisi ya gari lake anayo haki ya kukata rufaa kaunti. Sisi tulilinganisha na magari kama lile yaliyokuwa yanauzwa, tukaona hatuna hoja.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa mkopo. Taito ya Texas hakuwa nayo mkononi, inashikiliwa na mkopeshaji mpaka deni liishe. Wengi wanadhani hapo ndipo mwisho, huwezi kusajili bila taito. Unaweza. Unapeleka usajili wa Texas, unajaza fomu ya MV-1, unaandika jina kamili na anwani ya mkopeshaji, ili Georgia itoe taito mpya ambayo deni limeandikwa humo. Mtego uko kwenye hiyo anwani. Mdogo wangu aliandika anwani anayotumia kutuma malipo ya kila mwezi. Mkopeshaji ana anwani nyingine ya kupokelea taito. Nilimlazimisha apige simu kabla ya kusaini, na kweli zilikuwa mbili, katika miji miwili tofauti. Kwenye simu hiyohiyo aliwaarifu kwamba gari limehama jimbo, jambo ambalo mkataba wa mkopo ulikuwa unamdai tangu Agosti.

Ningekuwa na nafasi ya kurudisha siku nyuma, mpangilio ungekuwa hivi. Akiwa bado Dallas: kikokotoo cha kodi, na simu kwa mkopeshaji. Wiki ya kwanza Georgia: anwani ya benki. Ya pili: leseni, na siku hiyohiyo bima igeuzwe ya Georgia, kwa sababu tangu siku ya leseni huna tena pa kujifichia. Ya tatu: moshi, likikataa una siku za kulirekebisha. Ya nne: ofisi ya tagi, na fedha zote mkononi. Siku 30 zinatosha kabisa kwa mtu anayejua anachokwenda kukuta, na ni chache mno kwa mtu anayejifunza kila jambo dirishani kwa karani.

Wapo ambao hili haliwahusu. Askari wa jeshi la Marekani aliyepangiwa kambi Georgia lakini makazi yake ya kisheria ni jimbo jingine anaruhusiwa kubaki na namba za kwao, na mwanafunzi aliyekuja kusoma tu ana nafuu yake pia. Tunao vijana wetu jeshini, nao wasitozwe kwa kuwa hawakuuliza.

Na kwa jirani zangu waliotoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi, ambao karatasi zao nyingi zimeandikwa wamezaliwa Januari 1: Georgia usajili unaisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari. Yenu itaisha Mwaka Mpya, ofisi zimefungwa. Fanyeni mapema Desemba, au mtandaoni.

Mdogo wangu alipewa namba siku ileile aliyolipa ofisi ya tagi, wiki ya mwisho ya Oktoba. Texas inataka namba mbele na nyuma, Georgia nyuma tu, kwa hiyo mbele ya Camry pamebaki matundu mawili ya skrubu. Stika ya Texas tuliibandua kioo kwa maji ya moto na wembe, nayo bado ilikuwa na miezi minne. Wiki ileile alibadilisha ile taa ya nyuma.